Shamba Moja, Madaftari Matatu

Tarehe 24 Agosti 1988, wilayani Muleba, mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba kwa shilingi 300,000. Shamba alilirithi kwa baba yake, kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake mpwa wa yule mama akawahi Mahakama ya Mwanzo Kashasha kuomba mauzo yatenguliwe, akisema kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, ikaamuru fedha zirudishwe. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi. Mpwa akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaitupa rufani hiyo: mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayouzia mwanamume.

Aliyesoma sheria Tanzania anaijua kesi hii kwa jina la Ephrahim na Pastory. Wengi wetu tuliijua kwa mstari huo wa mwisho tu, kutoka kwenye desa lililokwisha kupita mikononi mwa madarasa matatu kabla yetu, limefifia mpaka namba za kurasa hazisomeki. Mimi mstari huo niliukariri vizuri sana. Mtihani ukaja, swali likasema: je, uamuzi ungekuwa uleule kama shamba lingeuzwa na kesi kuamuliwa miaka mitatu kabla? Nikajaza kurasa tatu juu ya haki za wanawake, nikatoka chumba cha mtihani natabasamu, nikapata sapu, mtihani wa marudio.

Jibu lilianzia kwenye tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini Bunge likaweka muhula wa miaka mitatu, tangu zianze kutumika, ambao mahakama haikuruhusiwa kuitangaza sheria yoyote kuwa batili kwa kukiuka haki hizo. Muhula ule uliisha Machi 1988. Shamba liliuzwa Agosti. Miezi mitano tu ilikuwa imepita, nami nilikuwa sijui, kwa sababu desa halikuwa na tarehe.

Nimeandika haya kwa ajili yako unayeingia chuo kusoma biashara, sheria au historia ya utamaduni, au bado umeshika fomu unajikuna kichwa. Rai yangu ni moja: masomo haya matatu yanauliza maswali tofauti juu ya tukio lilelile. Ukijizoesha kushika tukio moja, mauzo ya shamba, mkopo, kitenge kilichotolewa kwa ahadi, na kulifungulia madaftari matatu, utasoma kidogo na utaelewa zaidi. Ukiyasoma kama mafungu ya nondo za kumeza, tutakutana kwenye sapu.

Kabla ya kujaza fomu

Ni nadra chuo cha kwetu kukupa shahada moja yenye yote matatu kwa uzito sawa. Utachagua moja iwe kazi yako. Mengine mawili utayapata kwa kozi za hiari, kwa maktaba, na kwa kumwomba mhadhiri akuruhusu kukaa nyuma ya darasa lisilo lako. Ombi hili wanafunzi huona aibu kulitoa. Mimi nililitoa mara nne na sikukataliwa hata mara moja. Mhadhiri wa historia alifurahi mno hata akaanza kuniuliza maswali mimi, jambo ambalo sikulitaka.

Usichague sheria kwa kuwa unajua kuongea. Kuongea ni saa moja. Kazi yenyewe ni kukaa na hukumu ya kurasa arobaini mpaka ikuambie kitu. Usichague biashara kwa kuwa unataka utajiri. Wenye maduka makubwa Kariakoo, wengi wao hawakupita kwenye darasa la uhasibu, na waliopita darasani wanawaandikia vitabu vyao. Wala usichague historia kwa kuwa pointi zako hazikufika sheria. Wahadhiri wa historia wanawatambua wanafunzi wa namna hiyo wiki ya pili, kwa jinsi wanavyokaa tu.

Jipime kwa ugomvi wa mtaani kwenu. Jirani wawili wanagombea mpaka: wewe unataka kujua nini kwanza? Kama ni nani mwenye haki, una damu ya sheria. Kama ni eneo lile lina thamani gani na nani anapoteza, nenda biashara. Kama unataka kujua nani alipanda ule mnyaa wa mpakani, lini, na kwa nini hapo, basi historia inakuita, na itabidi uzungumze na wazazi wako taratibu.

Vigezo vya kujiunga hutazamwa kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka uleule unaoomba, si wa kaka yako. Tahasusi kama HGL na HKL zinafungua mlango wa sheria na historia, ECA na HGE zinaelekea biashara, lakini kila chuo kina masharti yake madogo madogo, na hayo ndiyo yanayowaacha watu nje. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao si zawadi. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Iandike namba hiyo mahali unapoiona.

Uliza pia mapema shahada inakufikisha wapi. Shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Tanzania Bara utapita mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo katika Law School iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Kenya kuna Kenya School of Law, Uganda kuna Law Development Centre. Mhasibu naye ana mitihani ya bodi: kwa Tanzania ni NBAA, na wengi huanza mitihani hiyo wangali chuoni. Historia haina bodi. Maana yake ni kwamba cheo hupewi na mtu, utakitengeneza mwenyewe: makumbusho, nyaraka, utalii, uandishi, ualimu, utafiti. Wanaofanikiwa huko ni wale waliotoka chuoni wakiwa na kitu mkononi, hata kama ni makala moja au mikanda kumi ya mahojiano na wazee.

Hukumu isomwe mara mbili

Hukumu za Tanzania zinapatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII, za Uganda kupitia ULII, na za Kenya kupitia Kenya Law. Kisingizio cha kutegemea madesa kimekwisha, ingawa madesa yenyewe hayajaisha.

Mara ya kwanza soma bila kalamu, kama unavyosoma habari ya gazeti: nani kamfanyia nani nini. Wanafunzi huanza kupaka rangi tangu aya ya kwanza. Wakifika mwisho ukurasa mzima ni wa njano na hawakumbuki nani alikuwa mdai na nani mdaiwa. Mara ya pili chukua karatasi moja, usiongeze ya pili. Andika tukio kwa sentensi tano. Andika swali ambalo mahakama ililazimika kulijibu. Andika jibu, kisha sababu. Sababu ndiyo itakayozifunga mahakama za chini katika kesi zijazo. Maneno mengine ya jaji, hata yawe matamu vipi, ni ya kusindikiza. Halafu badilisha jambo moja katika tukio uone kama jibu linasimama. Mnunuzi angekuwa mtu wa ukoo? Mama angekufa kabla ya kupokea fedha? Zoezi hili la mwisho ndilo mtihani wenyewe, ila wewe unalifanya mapema, umekaa kwenye kimbweta, bila msimamizi.

Soma mpaka mwisho kabisa. Katika Ephrahim na Pastory, jaji hakuishia kwenye usawa. Alimpa mpwa nafasi ya kulikomboa shamba: alipe zile 300,000 ndani ya miezi sita, akishindwa liwe la mnunuzi. Yaani ukoo haukupokonywa mlango wake, uliambiwa ulipie. Sehemu hiyo sijaiona kwenye desa hata moja, nayo ndiyo yenye fundisho kubwa la biashara katika hukumu yote: haki ya ukoo ilipewa bei na tarehe ya mwisho.

Na usidhani kesi moja imefunga mjadala. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wajane wawili waliopinga kanuni za mirathi za kimila. Ilikiri kwamba kanuni zile zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Weka hukumu hizo mbili mezani pamoja, ujiulize ni kipi kilichobadilika kati ya 1990 na 2006. Mhadhiri akikuona umefanya hivyo bila kuagizwa, atalijua jina lako.

Kuhusu programu za akili mnemba: zitumie kukuelezea neno gumu ukitaka, lakini usizitume zikutafutie kesi. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo programu ilikuwa imezibuni, na majina ya majaji juu yake. Kesi usiyoifungua kwa macho yako haipo.

Toka darasani pia. Mahakama ziko wazi kwa umma. Vaa nguo ya heshima, zima simu, kaa nyuma katika mahakama ya Kisutu au ya wilaya yenu, utazame asubuhi moja tu. Utashangaa jinsi kesi nyingi zinavyoahirishwa, na jinsi shauri zima linavyoweza kuning'inia kwenye karatasi ambayo mtu hakuitunza. Wa biashara, ninyi nendeni Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, kilichoanzishwa 1999. Siku moja pale ina thamani kuliko mihadhara mitatu ya mikataba, kwa kuwa utaona nini hutokea wakati mkataba ulioandikwa harakaharaka unapokutana na wakili aliyelala vizuri.

Mali kauli

Uhasibu unatisha watu kwa sababu unafundishwa kwa mifano ya viwanda ambavyo hawajawahi kuviona. Tuanze Kariakoo.

Dada mmoja anachukua vitenge 40 kwa mwenye duka, kila kimoja shilingi 12,000, kwa mali kauli: hakulipa kitu, ameacha neno lake tu. Deni lake ni 480,000. Wiki ikiisha ameuza 25 kwa 15,000 kila kimoja. Kati ya hivyo 15 vimelipwa papo hapo, 10 wateja wamekopa mpaka mwisho wa mwezi. Mkononi ana 225,000. Anajiona tajiri, anataka kununua simu.

Fungua daftari. Upande mmoja weka alivyonavyo: fedha taslimu 225,000, madeni kwa wateja 150,000, vitenge 15 vilivyobaki kwa bei ya kununulia 180,000. Jumla 555,000. Upande wa pili weka anachodaiwa: 480,000. Tofauti ni 75,000, na hiyo ndiyo faida yake, shilingi 3,000 kwa kila kitenge kilichouzwa. Umeshatengeneza mizania. Pande mbili zinalingana kwa sababu kila muamala una nyayo mbili, utaratibu ambao Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 na ambao hakuna kompyuta iliyoubadilisha mpaka leo. Na umeshaona kwa nini simu ni balaa: faida ni 75,000, lakini hata hiyo haimo yote mkononi. Sehemu imekaa kwa wateja. Faida na fedha taslimu ni ndugu wasioishi nyumba moja, na biashara nyingi hufa zikiwa na faida nzuri tu kwenye karatasi.

Sasa lete daftari la sheria. Usiku wezi wanavunja banda na kuondoka na vile vitenge 15. Vilikuwa vya nani? Kama mwenye duka alimuuzia dada kwa mkopo, mali ilishahama, hasara ni ya dada na deni liko palepale. Kama alimpa auze kwa niaba yake, na asivyouza arudishe, mali bado ni ya mwenye duka. Neno ni lilelile, mali kauli, na maana zake mbele ya sheria zinaweza kuwa mbili, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Hapo ndipo utaisoma Sheria ya Mauzo ya Bidhaa kwa hamu, kwa kuwa unatafuta kitu.

Kisha daftari la tatu: kwa nini mwenye duka alimwamini? Hakuwa na hati, dhamana wala mdhamini. Labda wanatoka wilaya moja, labda wanaswali pamoja, labda shangazi yake dada alichukua mali hapo miaka kumi bila kuteleza. Imani hiyo ina historia ndefu kuliko benki yoyote ya Afrika Mashariki. Misafara ya karne ya 19 iliondoka pwani kwenda bara kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na humo utamkuta Taria Topan, tajiri aliyemkopesha. Kitafute kitabu hicho. Wengi wanakisoma kwa ajili ya vita na pembe za ndovu. Wewe kisome ukiwa na leja pembeni, uulize kila safari nani alibeba hasara. Watumwa waliobeba pembe zile na waliouzwa nazo hawakuandikiwa kitabu, kwa hiyo uliza pia nani hakuhesabiwa.

Kwa hiyo, wa biashara, kazi yenu ya kwanza si kitabu. Mwombe mama lishe mmoja, au fundi cherehani, akuruhusu umwekee hesabu kwa siku 30. Mwambie ukweli kwamba unajifunza, na usimtangazie mtu mapato yake. Kama humpati, weka hesabu ya bumu lako mwenyewe, zile fedha za mkopo za kujikimu. Bumu likitoka, wiki ya kwanza kila mtu ni bosi. Leja itakuonyesha siku gani hasa ubosi ulikwisha. Baada ya hapo chukua taarifa ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ziko wazi, bure. Anza kusoma kutoka nyuma, kwenye maelezo ya hesabu yenye herufi ndogo. Picha za mbele na barua ya mwenyekiti zitakusubiri.

Kwa nini majaji wa India?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Tanzania hushtuka mhadhiri wa mikataba anapotaja kesi za Mumbai na Kolkata. Sababu ni kwamba Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imefuata kwa ukaribu sana Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Ukivuka Namanga utakuta Kenya inafuata kanuni za Uingereza. Nchi jirani, wafanyabiashara walewale, na mikataba yao inasomwa kwa miwani tofauti.

Hili huwezi kulielewa kwa sheria peke yake. Waingereza walipoanza kutawala pwani hii waliikuta biashara yake imefungamana na Bombay, Mumbai ya leo: mikopo ilitoka huko, forodha ya Unguja kwa muda mrefu ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na fedha iliyotumika ilikuwa rupia, ambayo katika Kenya, Uganda na Tanganyika ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sheria za India zilikuwa tayari zimeandikwa na zimepangwa kwa vifungu, zikapakiwa melini. Baadaye, kwenye mikataba, Kenya ikageukia Uingereza, Tanzania ikabaki na mfano wa India.

Huna haja ya nyaraka kuligundua hili, sikiliza midomo yetu. Hundi, bima na laki vimetoka India. Deni, rehani, dhamana, faida na hasara vimetoka Uarabuni. Benki, cheki na leja vimetoka Uingereza. Msamiati wa mfanyabiashara wa Kiswahili ni daftari la wageni: kila aliyepita ameacha sahihi, na sahihi zenyewe zinakuambia alikuja kufanya nini.

Mila ina tarehe ya kuzaliwa

Turudi Muleba. Mpwa alisema "mila". Lakini kilichosomwa mahakamani kilikuwa kifungu cha kanuni za urithi katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963. Mila ile ilikuwa imeandikwa, imepewa namba, imepigwa chapa Dar es Salaam. Nyuma ya uandishi huo yuko Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Mwaka 1945 yeye na mwandishi mwenzake, Hartnoll, walitoa kitabu juu ya sheria za kimila za Wahaya. Makaratasi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani.

Mwanafunzi wa historia ya utamaduni anaanza hapo na maswali ya kipelelezi. Wazee gani waliulizwa? Wanawake wangapi walikuwamo kikaoni? Kahawa ilikuwa imeshapandisha thamani ya kibanja, shamba la Kihaya, wakati huo, je, sauti ya ukoo juu ya ardhi ilikuwa na ukali uleule kabla ya kahawa? Na mila iliyokuwa inabishaniwa na kubadilika kwenye baraza za wazee, ilipatwa na nini siku ilipoandikwa? Wakili anayeweza kuuliza hayo ni hatari mahakamani. Wakenya wana mfano wao mkubwa: kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ambapo mjane na ukoo wa Umira Kager walivutana mpaka Mahakama ya Rufani ikaamua Mei 1987 kwamba ukoo umzike. Wanahistoria Cohen na Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima juu yake, na ukikisoma utaona jinsi kila upande ulivyounda "mila" yake kizimbani.

Kwa nyaraka, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, au Kilimani, Unguja. Utahitaji barua ya utambulisho ya chuo na subira. Kila karatasi iulize aliyeiandika ni nani, alimwandikia nani, alitaka apewe nini. Halafu tafuta asiyetajwa. Barua ya mkuu wa wilaya inayolalamikia "uvivu" wa wakulima mara nyingi ni hati nzuri ya mgomo, ikisomwa kwa upande wa pili.

Kwa wazee, usiulize "mila zenu zilikuwaje". Nilimuuliza bibi yangu hivyo, Tanga, kuhusu mahari, akanipa hotuba nzuri isiyo na kitu ndani. Siku ya pili nikamuuliza: "Bibi, yako ilikuwa nini?" Akacheka, akahesabu vitu kwa vidole, akataja aliyevipokea, na doti moja ya kanga iliyopotea njiani ambayo wifi yake aliidai miaka yote mpaka anakufa. Kwenye doti ile moja kulikuwa na mali, madai na utamaduni. Uliza jambo moja, la mtu mmoja, la siku moja. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Na usiende mikono mitupu. Sukari na majani ya chai vinatosha.

Vitabu vya kuanzia usivikose: Desturi za Wasuaheli, ambacho kiini chake ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichochapishwa 1903, na Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar cha Abdul Sheriff, 1987, ambacho wa biashara wanapaswa kukisoma zaidi kuliko wa historia, lakini hawakisomi.

Lugha, na mengine madogo

Utafundishwa kwa Kiingereza, utafanya mtihani kwa Kiingereza, na mteja atakueleza shida yake kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, ingawa habari hiyo bado haijavifikia vitabu vingi. Jizoeshe kila Ijumaa kumweleza mwenzio dhana moja ya wiki kwa Kiswahili kitupu. Ukishindwa kusema "mrufani", "mjibu rufani" au "hati ya madai" bila kukwama, huna tatizo la lugha tu. Dhana yenyewe hujaishika.

Kikundi cha kusoma kiwe cha watu wanne, na ikiwezekana mmoja awe wa kozi nyingine. Kikubwa zaidi ya hapo kinageuka baraza la kahawa. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, iombe mapema, na usikimbilie ofisi kubwa mjini: katika ofisi ndogo ya wakili au mhasibu wa wilayani utapewa faili ulishike, wakati kwenye ofisi kubwa unaweza kumaliza wiki nane unatoa kopi.

Wiki yako ya kwanza ipange hivi. Jumatatu, pakua hukumu ya Ephrahim na Pastory, uisome bila kalamu. Jumanne, isome tena, ukurasa mmoja. Jumatano, nenda sokoni, mtafute mtu mmoja anayeuza kwa mali kauli, umsikilize tu. Alhamisi, kaa mahakamani mpaka saa sita. Ijumaa, peleka barua yako Nyaraka za Taifa, ujaze fomu ya msomaji. Begi utaliacha mlangoni, na kalamu ya wino pia, kwa hiyo beba penseli mbili na kichongeo.